Koti la Mgeni

Jina lake lilikuwa Mgeni.
Alizaliwa Chake Chake usiku walipofikia wageni wa babake,
akapewa ugeni kabla hajavuka kizingiti.
Jina likamfuata hadi Leicester,
mtaa wa matofali mekundu, nyumba zimebanana mabega
kama watu kwenye foleni ya mkate.

Mgeni siku mbili; ya tatu, mpe jembe.
Yeye walimpa fagio la kupigia deki, ndoo ya magurudumu
na korido ya hospitali ndefu kama deni.
Saa kumi alfajiri anatoka, theluji haijakanyagwa na mtu,
anaikanyaga yeye,
na sisi tukienda shule tunakuta nyayo zake
zimetutangulia hadi kituo cha basi.

Alilea watatu, kisha akatulea sisi saba,
na hakuwahi kusema amechoka.
La, hapo nadanganya.
Alisema kila Ijumaa, akivua soksi:
"Miguu hii itanishitaki."
Halafu akainuka kukuna nazi.

Nazi yenyewe alinunua sokoni kwa Bwana Jayantilal,
mzee aliyetoka Kampala na sanduku moja
na Kiswahili kilichokatika mkia.
"Mama, bei hiyo mimi nakula hasara!"
"Basi funga duka, twende zetu nyumbani."
Wakacheka mpaka mihogo ikaanguka mezani.
Hakuna aliyeuliza nyumbani ni wapi.

Sasa hili, ambalo sijamwambia hata mama.
Nilikuwa na miaka tisa. Alikuja kunichukua shule,
kanga juu ya koti, akaniita kwa sauti ya kuitia kuku:
"We Nasriya! Umekula?"
Nikampita kama simjui.
Hakunikaripia. Alitembea hatua tatu nyuma yangu
njia nzima, kama mtu tu anayeelekea huko huko,
na tulipofika akafungua mlango, akasimama kando.
"Karibu, mgeni," akasema.
Akanipakulia.

Miaka ishirini na miwili,
na wali ule bado haujashuka kooni.

Alifariki mwezi wa pili, mchana,
redio ya jikoni ikisoma hali ya hewa.
Ardhi ilikuwa imeganda; wajomba walishika majembe,
wakayaweka chini, wakaita mashine.
Nadhani hilo lingemchekesha.

Mfukoni mwa koti lake la samawi
tulikuta pipi za mnanaa, kadi ya basi,
na bili ya umeme iliyokwisha lipwa. Nyuma yake,
kwa ule mwandiko wake wa kupanda mlima:

Msinililie sana, nilikuja nikalima,
baridi tulipambana, mwisho ikarudi nyuma,
waachieni vijana funguo na jiko zima.
Koti langu la samawi, avae anotetema.

Tulijaribu sote, mmoja mmoja, mbele ya kioo cha ukumbini.
Mikono inagoma kwenye viwiko, vifungo havikutani.
Kumbe alikuwa mdogo hivi.
Nani alijua? Alipoingia chumbani
tulikuwa tunasogea kumpa nafasi.

Jana usiku mama alilitupia mabegani tu
atoe pipa la taka, maana kesho wanapita.
Ng'ambo ya barabara, Doreen,
jirani wa miaka thelathini, macho yote mawili mtoto wa jicho,
alisogeza pazia
akapunga mkono, kama kila Jumatano.

Mama alisimama pale na pipa lake, mvua inaanza.
Niliona bega moja likishuka,
kisha mkono, ndani ya lile koti,
ukainuka ukapunga.