Mibofyo Miwili

Saa tatu usiku. Patagonia nzima inagombana na mabati yangu.
Nawasha redio ya upepo.
"Hapa Nélida. Nani yupo?"
Yupo Wenceslao, kilomita tisini kusini, na kikohozi chake.
Yupo mama Ofelia wa kondoo mia nne,
anayeandika kwa mkaa juu ya gunia la unga.
Nipo mimi.
Kisha mibofyo miwili, tk, tk,
ya mtu asiyetaja jina.

Tunajifunza sehemu.
Watu wazima, vidole vimechanjwa na mikasi ya sufu,
tunaulizana nusu ya theluthi ni nini.

Zamani kila swali lilikwenda kwa Nélida
na jibu likapanda kwake, kama ndoo kisimani.
Siku hizi akiulizwa, hunyamaza.
Tunamsikia akinyonya chai yake kwa mrija, basi.
Ndipo Wenceslao akasema: ngojeni, mimi nahesabu kwato.
Kondoo mmoja, kwato nne. Kwato moja, robo ya kondoo.
Ofelia akacheka hadi mawimbi yakakatika,
na robo haijatupotea tena.

Zamu yangu, nilisema moja ya tano yaishinda moja ya nne,
maana tano yaishinda nne.
Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua.

Kimya. Upepo.
Halafu sauti ngeni, changa,
ikikwaruza kama kiberiti kilicholowa:
"Hata mimi niliamini hivyo. Tangu Aprili."

Tangu Aprili! Miezi mitano ya tk, tk
alikuwa amelilalia kosa langu
kama kuku juu ya yai, asijue pa kuliangulia.

Nélida hakusema vyema, wala vibaya.
Aliuliza: "Mkate mmoja, watu wanne.
Sasa mgeni anapiga hodi.
Fungu lako limekua?"

Anaitwa Millaray. Anakaa kando ya ziwa lililoganda.
Hatukumchimba zaidi.

Jana Wenceslao hakusikika. Betri, au kifua.
Tulimngoja, somo likapoa.
"Nimemwandikia yote," Millaray akasema.
"Akirudi nitamsomea, polepole, kwa kwato."
Akirudi, alisema. Hakusema kama.

Nami koo likanikaba, maneno yakagoma.
Nikabonyeza mara mbili.