Kwangu Inakubali

Kwangu inakubali, nilimwambia Kimolo kwenye simu,
nimekaa Nkuhungu, feni inapepea, chai inapoa.
Kwangu inakubali. Nikasema mara ya tatu
kama mtu anayeonyesha stakabadhi.
Upande wa pili, Kondoa, kimya,
halafu vidole kwenye kibodi, halafu:
"Dada Ndahani, huku imegoma."

Programu yenyewe si kubwa. Inasoma mita za visima,
inajumlisha lita, inaonya pampu ikinywa hewa.
Mistari elfu nne ya C, na skripti moja ya kuijenga
niliyoiandika usiku mmoja, kwa kiburi.

Mashine ya Kondoa ililetwa na mradi.
Mradi ukaisha, gari likarudishwa, bango likapauka,
mashine ikabaki: Unix ya ukoo mwingine,
haina bash mahali nilipozoea kuikuta,
make yake haielewi mizaha ya make yangu.
Na sed, nilimwamuru abadilishe neno ndani ya faili,
akadhani amri ni jina la nakala ya akiba.
Hakukosea. Ndivyo alivyolelewa.

Mpwapwa ilijengeka vizuri, ikafa ilipowashwa.
Nilikuwa nimekiambia kikusanyaji:
shona kwa kipimo cha prosesa hii hii.
Suti ya mtu mmoja,
nikaituma wilaya saba.

Na bendera! Nilizipanga kumi na moja
nyuma ya jina la gcc, kila moja onyo nililolipenda.
Chilongani wa Kongwa ana clang ya juzi juzi,
inazikubali nusu na kununa nusu.
Bahi wana cc tu, ya zamani, isiyoijua hata moja.
Bendera hufuata upepo: tulifundishwa kama tusi.
Lakini toka nje hapa mwezi wa Agosti,
vumbi jekundu likipiga madirisha ya Mtumba,
uione bendera isiyofuata upepo.
Imechanika.

Basi nikafuta.
Sasa ni sh tupu, ile ya kila nyumba,
printf mahali pa echo, mabano mawili marufuku,
na kabla ya kujenga chochote skripti inapiga hodi.

Haiulizi jina la mfumo. Hapo ndipo nilipochelewa kuelewa.
Majina yanadanganya. Karanga na njugu mawe zote huitwa njugu,
ila ganda hili linapasuka kwa vidole,
lile linataka jino.
Inauliza: unaweza nini?
Inaandika programu ya mistari mitatu, isiyo na faida duniani,
inaipa kikusanyaji
kama mpishi anavyoweka tone la mlenda kiganjani, aonje chumvi.
Ikipita, ndiyo. Ikikataa, hapana.
Kisha inaifuta, inalamba kiganja, inaendelea.

Saa nne usiku Kimolo ananisomea yote, polepole,
kama matokeo ya darasa la saba:
Kikusanyaji cha C: cc.
Kinayajua maonyo yote: hapana.
Maktaba ya hesabu: ndiyo, ila itajwe mwisho.
Saa ya vipande vya sekunde: hapana.

Hapo nikaweka kikombe chini, nikisubiri neno lile, imegoma.
"Inasema itatumia saa ya kawaida," akasema.
"Inaendelea."

Nikasikia mashine yake ikivuma simuni,
mbwa wa jirani yake, mlango wa bati.
Dakika sita hivi.
"Imewaka, dada! Kisima cha kwanza…" Akanyamaza.
"Kisima cha kwanza kinatoa lita bilioni mbili kwa siku."

Tukacheka mpaka nikapaliwa, Kondoa yote imegeuka ziwa,
huku kiangazi kimeshika mpaka mizizi.
Baiti. Mashine yake inazisoma kutoka upande wa pili,
na hilo nalo sikuuliza.

"Usikate," nikamwambia,
nikafungua faili,
nikaongeza swali.