Kisanduku cha Mihambo

Hakina laini, hakiombi vocha,
hakuna ofisi iliyokigongea muhuri.
Ni kidogo kama kipande cha sabuni ya mche,
antena yake kidole cha shahada.
Tumekitia ndani ya kopo la mafuta ya kujipaka,
mfuniko tumeuziba kwa nta,
maana Sikonge mvua haipigi hodi.

Vipo vinane, toka mjini hadi kambi ya Ugalla,
vimening'inia mitini pamoja na mizinga.
Nyuki walivikagua siku mbili,
wakaona havina mlango, wakaviacha.

Neno hutoka kwangu, penye cherehani:
*Unga umefika. Mje Jumanne.*
Cha kwenye mninga kinalisikia, kinalirudia.
Cha kwenye mtundu kinalidaka, kinalirudia.
Hakuna kinachojua kimebeba nini;
ufunguo tunao sisi.
Kila mruko hesabu hupungua moja,
ikifika sifuri neno hufia porini.

Ndipo tukajifunza ubahili.
Shemeji yangu Kasubi, mtu wa salamu ndefu,
mtu wa kuuliza hadi hali ya mbuzi,
siku hizi huandika: *Nipo. Asali debe sita.*
Nami humo ndani ya "nipo" namsikia akikohoa.

Cha tano ni cha Mihambo.
Alikipandisha mwenyewe juu ya mkurungu, Julai,
akakipa jina la herufi nne, MHMB,
"mjue ni nani anayewapisha."
Mvua za Novemba hazikumkuta.
Tulimzika Jumamosi. Jumapili orodha ikasema:
MHMB, amesikika dakika mbili zilizopita.

Vijana walitaka kulibadili jina.
Nyamizi, mkewe, hakubishana.
Alichukua simu yangu, akaandika,
akanirudishia, akaendelea kuchambua maharage.
Sikusoma.
Nilisoma. *Hodi*, basi.
Na chini yake alama ndogo: limepokelewa.

Februari mawingu yalilala wiki nzima.
Paneli yake, kiganja cha mtoto, ikakosa jua;
kuanzia cha tano kwenda mbele, kimya.
Nyamizi akatoka kabla ya jogoo
na mwanawe Lugendo, kamba begani.
Mtoto akapanda, akafuta majani na kinyesi cha ndege
kwa pindo la kanga ya mama yake,
wakakaa chini ya mti kungoja jua lichungulie.

Saa saba na robo nilikuwa katikati ya mshono.
Simu ikatetemeka. Kasubi,
neno alilokuwa akilirudia tangu Jumatatu:
*Kuna mtu huko?*

Nikaandika *Tupo.*
Kisha, ubahili wote nikautupa,
nikamuuliza hali ya mbuzi.