Mtego wa Fuko

Asubuhi, Mbeya. Ukungu bado umeukalia mlima Loleza.
Nafungua kabati la joto, natoa sahani namba kumi na saba:
mkojo wa Tusekile Mwansasu, miaka sita, wa Isyonje.
Homa siku ya tisa.

Jana niliwasia bakteria wake kama ulezi,
nikapanga juu yao visahani vya karatasi, kila kimoja na dawa yake.
Dawa ikishinda huacha kiwanja kitupu,
nami hukipima kwa rula.
Leo rula imelala.
Wameota hadi ukingoni mwa karatasi.

Nadondosha kipimo cha njano, nahesabu.
Sijafika ishirini, njano imeiva nyekundu.
Yupo. Mtegua mitego yupo.

Baba alitega fuko kule Umalila, kwenye viazi.
Alikunja fito mpaka ikalia,
akaibana kwa uzi wa katani, kitanzi akakizika njiani mwa fuko.
"Mtego si fito," aliniambia, "wala si uzi.
Mtego ni hamu ya fito kunyooka."

Basi siku mwalimu Mwashiuya alipochora penisilini ubaoni,
pete ndogo ya pembe nne, imepindwa kuliko ipendavyo,
nilicheka peke yangu darasani.
Niliijua.
Bakteria ana mafundi wa kujenga ukuta;
fundi huishika pete akidhani ni tofali,
pete hufyatuka, mkono hunasa,
ukuta hubaki na ufa, maji yakaingia, akapasuka.

Lakini kimeng'enya.
Hakina macho wala kinyongo. Ni uzi wa protini
uliojikunja ukaacha kishimo kimoja.
Pete ikiingia humo, fyatu! nacho kinanaswa, kama fundi yule.
Tofauti ni hii tu:
kishimoni kimeficha chembe ya maji,
na maji hulegeza kitanzi.
Fundi hana maji. Hubaki na mkono mtegoni.
Kimeng'enya kinajinasua, kizima, hakijapungua hata unywele,
kinageukia pete nyingine, na nyingine,
mamia kabla hujafumba jicho,
na nyuma yake fito zimelala zimenyooka, kuni tu.

Ramani ya kukijenga hupita toka bakteria hadi bakteria,
hata wasio ukoo mmoja,
kama jirani anavyopokea mbegu ya viazi juu ya ua.

Nani aliwafundisha? Hakuna.
Mama alikuwa na kopo la majani ya chai, ndani mna rangi mbili:
mbili leo, moja kesho, homa ikishuka zilizobaki zirudi kopo.
Mimi mwenyewe nilizimimina kwenye maji ya kuku
mwaka ule wa mafua yao.
Wanyonge wakafa. Shamba likabaki kwa wajuzi.
Baba hakutega pasipo fuko.

Naandika kwenye fomu: sugu. Sugu. Sugu.
Mstari wa nne nasita. Dawa ile iendayo na mwenzake,
chambo chenye kitanzi ambacho maji hayakilegezi:
kiwanja kipo.
Milimita kumi na tisa. Napima tena.
Napiga simu wodini, sauti inanitetemeka kidogo.

Saa nne mama yake amesimama dirishani pangu,
viatu vimejaa tope la Isyonje.
"Ndaga," anasema, "ndaga fijo,"
kisha anafungua fundo la kitenge:
nusu karatasi ya rangi mbili.
"Hizi zilizobaki, nimpe mdogo wake?
Naye ameanza kukohoa."