Askari Asiye na Mdomo

Baba aliniachia vitu viwili: jozi ya buti
na hiki Kiswahili.
Hapa Masese kilikuwa lugha ya kugonga mlango usiku.
Hata Mama, aliyeolewa nacho,
akikisikia kinakuja njiani alificha sufuria.

Sasa naitia nzi lugha hiyo hiyo.
Nzi askari. Mweusi, kiuno cha nyigu,
hana mdomo wa kulia chakula.
Anaishi siku nane, na siku zote nane hadai kitu:
si kuku, si mkungu wa ndizi, si kitambulisho.
Anatafuta jua, mwenzi, ufa wa ubao,
anataga mayai mia tano, anakufa.
Mama angekuwepo ningemwita:
njoo uone, huyu kavaa magwanda na hajala cha mtu.

Wanaokula ni watoto wake.
Alfajiri Mugoya ananiletea toroli kutoka soko kuu la Jinja:
maganda ya matoke, fenesi lililopasuka,
machicha ya pombe yenye joto bado,
nyanya ambazo jana zilikuwa na bei.
Ukishamwaga, usiondoke. Inama usikilize.
Ni mvua. Mvua ndogo ndani ya beseni,
mabuu elfu kumi yakiutafuna mji.
Siku ya kumi na mbili, kilichokuwa uvundo
kimenona, kinajikunja kiganjani.
Nakikaanga kwa mchanga, nakipepeta, nakisaga.
Unga wake unanukia karanga
zilizosahauliwa kidogo jikoni.

Nilikuwa mwanika dagaa. Huku tunawaita mukene.
Miaka kumi na tisa mgongo umeinamia nyavu,
fimbo mkononi, nikifukuza korongo.
Debe moja la wapishi, matatu ya kiwanda cha chakula cha samaki:
mdogo anasagwa ili mkubwa anenepe,
na uji wa mjukuu wangu Nangobi ukabaki mweupe kama chokaa.
Bei ikapanda. Halafu wakaanza kutuuzia mchanga
wenye dagaa ndani.

Tibenkana, mwenye vizimba pale mbele, alicheka:
"Ngege wangu walishwe funza? Nani atawanunua?"
Tibenkana huyo huyo, Novemba ikifika,
hukesha chini ya taa akingoja senene,
huwang'oa mabawa, huwatia kitunguu,
na ukinyoosha mkono kwenye kikombe chake ni vita.
Sikumjibu. Nilimwachia gunia.

Vizimba viwili: kimoja dagaa,
kimoja unga wangu na soya, nusu kwa nusu.
Ngege hawakuuliza kabila la chakula.
Maji yalichemka kote kuwili.

Mizani? Wa dagaa walizidi, gramu kumi na moja kila mmoja.
Nasema kama ilivyokuwa.
Ila akapiga hesabu ya gunia kwa gunia
nyuma ya pakiti ya sigara,
akakohoa, akauliza kwa wiki naweza mangapi.

Siwezi mengi. Juni mawingu yalitukalia wiki nzima,
nao bila jua hawapandani.
Askari wangu waliduwaa ndani ya chandarua
kama kikosi kilichocheleweshewa mshahara,
wakafa bila yai hata moja.
Nzi kufia kidondani si haramu, ndivyo tunavyosema.
Hawa hata kidonda hawakukipata.
Nilifagia. Nikapanda boda hadi Bugembe
kwa Kagoya, nikaazima mayai, kijiko kimoja,
nimeyashika kifuani njia nzima.

Jioni Nangobi ananusa mikono yangu, anakunja uso,
kisha anakunywa uji.
Umerudia rangi yake ya kijivu,
na chembe za fedha zinaelea juu.

Buti za Baba ziko kule bandani, zinazuia mlango usijifunge.
Leo asubuhi nimekuta mayai
kwenye ulimi wa buti la kushoto.