Bei ya Beki wa Kushoto

Mabao: sifuri.
Pasi za mwisho: mbili, na moja bado inabishaniwa.
Mwenyekiti Lyaruu alinisomea hivyo karatasi yangu mwenyewe,
kidole kikiteremka safu kwa safu
kama cha mtu anayetafuta jiwe kwenye mchele.

Ofisi yetu iko juu ya duka la vipuri, Moshi mjini,
na kila tarakimu ilipotajwa
kuna mtu chini alikuwa akigonga chuma.
Wakala, Shafii, kiatu kinang'aa kuliko kombe letu,
akafungua kwa milioni kumi na mbili.
Mwenyekiti akacheka, akajibu sita.
Anaeli akatazama chai yake.
Miaka ishirini na sita, na wanaume wawili
wanamshika kama mkungu wa ndizi Mbuyuni,
huyu akiubonyeza,
yule akiugeuza upande wenye rangi.

Mimi ni mhasibu. Kabla ya hapa
nilichambua kahawa kiwandani miaka kumi na minne.
Najua chekeche linavyohukumu:
punje ikipenya tundu hili, daraja lake hili,
hakuna anayeuliza ilishuka mgongoni mwa nani
wala mvua ilichelewa wiki ngapi huko Kibosho.
Lakini hata kule tulikuwa na punje ile ya mviringo,
iliyokua peke yake ndani ya tunda, haikubanwa na pacha.
Tuliiwekea gunia lake.

Beki wa kushoto hana gunia.
Kazi yake ni mambo ambayo hayakutokea.
Nani anaandika risiti ya bao lisilofungwa?

Nilipekua vitabu. Ipo.
Februari kumi na tisa, dakika ya themanini na nane,
tunaongoza moja bila, kipa kalala upande mwingine,
na Anaeli akauweka uso wake
mahali palipobaki goli tupu.
Daktari wa meno, shilingi elfu themanini na tano.
Nililiandika kwa mkono wangu,
chini ya Mengineyo,
kati ya chokaa ya mistari na vocha ya simu.

Nikawaambia. Mwenyekiti akasema mgema akisifiwa,
hakumalizia, sote twajua tembo linavyoishia.
Saba. Kumi na moja. Saba na nusu.
Shafii akatoa simu, akasema Arusha wanapiga tangu asubuhi.
Simu ilikuwa imezimwa;
niliuona uso wangu kwenye kioo chake.
Dirisha dogo linafungwa Ijumaa.
Tisa, akasema mwenyekiti, na Mungu anaona.

Ndipo Anaeli akafungua kinywa, mara ya kwanza,
kwa sauti inayovujisha hewa pale jino lilipokuwa.
"Andikeni na goti."
Goti gani?
"Hili. Likivunjika, nitibiwe,
na mshahara uende mpaka mwisho wa mkataba."
Shafii akamkanyaga chini ya meza;
asilimia kumi yake haiko kwenye goti.
Mwenyekiti akasema jambo kama hilo halina bei.
"Basi toeni milioni mbili kwenye tisa.
Hiyo ndiyo bei yake."

Chini wakaendelea kugonga.

Mikataba yetu huwa nanakili ya mwaka uliopita.
Kifungu cha saba kilikuwa bado na jina la Ndekirwa,
beki wa kushoto aliyetangulia,
ambaye siku hizi anajaza upepo matairi ya bodaboda Pasua,
mguu mmoja umenyooka mbele yake kama mpini wa jembe.
Nikaanza kulifuta, herufi kwa herufi, kutoka nyuma.
Ikabaki N.
Nikahisi mtu begani: Anaeli, amesimama, anasoma.
"Usiharakishe," akasema.