Spana ya Shingo

Namba kumi na nne.
Nati ya juu ya starta, nyuma kabisa,
pale ambapo aliyeichora injini
hakuwahi kutia mkono wake mwenyewe.
Penye nia pana njia, husema wanaopita.
Karibuni Maweni. Laleni chali juu ya katoni
chini ya Probox ya mikate ya Bwana Shebwana.
Nia tele. Njia haimezi hata kidole gumba.

Miaka mitatu njia yetu ilikuwa Sidi.
Mkono wake mwembamba, mpini wa mwiko,
ulipenya kati ya paipu na feni
ukaenda peke yake gizani kupapasa.
"Umeiona?"
"Naigusa."
Akitoka, ngozi ya kiwiko ilibaki ndani,
na mimi, fundi, mwenye jina ukutani,
kazi yangu ilikuwa kushika tochi.

Spana ile ilikuja chini ya sanduku
la Mwitaliano aliyefunga nyumba Casuarina.
Aliuza jokofu, aliuza vitanda, paka akamgawa.
Niliishika, kichwa kikalegea,
kikaning'inia kama cha kuku aliyekwisha chinjwa.
Nikasema imevunjika.
Nikaitupa kwenye debe la skrepa, tukanywa chai.

Sidi akaiokota.
Akaipuliza mchanga, akatia tone la mafuta kwenye kiungo,
akaipinda huku, akaipinda kule,
kimya, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa.
"Haijavunjika, Fundi. Ina shingo."

Mimi nimelelewa na spana zilizonyooka.
Marehemu Karisa, aliyenifunza, alikuwa na neno moja:
chuma kinachopinda si chuma.
Kwa neno hilo nimekata bolti ngapi kwa tindo,
nimeng'oa radieta nzima mara ngapi
kuifuata nati ya shilingi kumi.

Leo jua liko juu ya mabati,
Bwana Shebwana anauliza saa,
harufu ya mikate inashindana na grisi,
na Sidi amekaa kwenye tairi, mikono mapajani.
"Ingia wewe," amesema. "Mimi nitashika tochi."

Nimeingia. Sioni kitu.
"Ipinde kidogo."
Nageuza bega.
"Si wewe. Kichwa chake."
Nakiinamisha. Kinateleza nyuma ya paipu,
kinakwenda upande, kinauliza, kinarudi,
halafu kinakaa,
pete juu ya nati, sawasawa, bila haraka.
Shingo imelegea. Meno yameshika.

Krik.

Robo ya robo ya mzunguko.
Vumbi la kutu limeniingia jichoni.
Krik, tena.
Huko nje tochi haitikisiki,
na kwa mara ya kwanza naisikia nati hii
ikiachia ndani ya kiganja changu mwenyewe,
polepole, kama mtu mzima anayekiri kosa
akiwa bado amegeukia ukuta.